Sifuri Kwenye Fomu ya Ekua

Kibanda cha Simu cha Araba,
Stesheni ya Malori,
Mankessim.
Jumanne, 14 Februari 2017

Mpendwa kaka Ebo, Bwana Koti Refu wangu,

Shikamoo. Nakuita hivyo kwa sababu ile picha yako ya kwenye theluji bado nimeibandika kibandani, juu ya meza ya kufungulia simu, na wateja hawaishi kuniuliza huyu askofu ni wa kanisa gani. Nawaambia ni kaka yangu wa tumbo moja, yuko Hamburg, na hilo koti linafika mpaka kwenye kamba za viatu. U hali gani? Goti limepoa? Wifi yangu Silke hajambo? Mwambie ile chokoleti ilifika imeyeyuka, tukainywa kama uji, na hakuna aliyelalamika.

Sisi huku tunaendelea. Mama yetu anakula bila chumvi kama daktari alivyosema, na anamsema huyo daktari kuanzia chai ya asubuhi mpaka anapolala. Vumbi la harmatani, ule upepo wa jangwani, mwaka huu limezidi, lakini linaingia kwenye simu za watu na watu wanazileta kwangu, kwa hiyo silitukani sana. Nimejifunza kubadilisha vioo vya zile simu kubwa. Hakuna aliyenifundisha, niliharibu tatu kwanza. Na kile kitabu chako cha Kijerumani ulichokiacha nimekimaliza. Naweza kusema treni imechelewa, basi, ila naisema vizuri mno.

Haya, salamu zimetosha. Kaa chini kaka, maana nina hasira, na hii barua nimeiandika makusudi. Kwenye simu kila nikianza habari hii unaniambia Araba mtandao unakatika, Araba sikusikii. Karatasi haikatiki. Utanisikia mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka jana mwezi wa tano, Ekua alipoleta ile fomu ya Chuo cha Ualimu Obokrom? Tulikuwa kibandani kwangu, mimi na yeye, na wewe kwenye simu nimekuweka kwa sauti kubwa. Miaka tisa dada yetu alikuwa anaililia fomu hiyo. Alipopata mapacha ikabidi aisahau, akamzaa Tawia, akamzaa Nyanko, mume akahamia Kumasi kwa mwanamke mwingine akawa anatuma salamu tu. Siku hiyo fomu ilikuwa mezani, na mimi ndiye niliyekuwa naijaza kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Tukafika swali la kumi na moja. Idadi ya watoto. Ekua akasema wanne. Wewe ukasema, na mimi naikumbuka kama nimeirekodi: “Andika sifuri. Mwenye watoto hawamchukui. Mimi nawajua watu wa vyuo.”

Nikauliza imeandikwa wapi. Ukaniambia mimi ni mtoto, nimeishia darasa la tatu la sekondari, nirudi kwenye nyaya zangu. Ekua akaniangalia, akaangalia simu, akasema andika basi kama kaka anavyosema. Nikachora sifuri nzuri, ya duara kama yai. Kwa hiyo kabla sijakusema wewe najisema mwenyewe kwanza: mkono ulikuwa wangu. Ila mdomo ulikuwa wako.

Akachukuliwa. Tukashangilia, ukatuma zile soksi za sufi, sijui za nini kwenye joto hili. Akaondoka Oktoba. Krismasi hakuja, walipelekwa kufundisha kwenye shule za vijijini huko ndani ndani. Miezi minne watoto hawajamwona mama yao. Nyanko ana miaka mitatu, kwa hiyo fikiria mwenyewe miezi minne kwake ni sehemu gani ya maisha.

Januari akanipigia. Sauti yake ilikuwa imekauka. Akasema Araba niletee watoto, Jumapili ya kwanza ya mwezi ni siku ya wageni, nisipowaona nitaumwa. Lakini waje kama watoto wako. Nikasema sawa. Si ni kweli kwamba mimi ni mama yao pia? Huku kwetu nani anayetenganisha? Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, wananiita Mama Mdogo tangu hawajaota meno. Nikaona ni kuondoa neno moja tu. Mimi nitakuwa Mama, yeye atakuwa Mama Mkubwa. Hata uongo wenyewe ni mdogo.

Na tulipiga mahesabu kaka, usidhani tulienda kama vipofu. Mimi nina miaka ishirini na miwili. Mapacha wana tisa, hao hawawezi kuwa wangu hata kwa mtu asiyejua kujumlisha, kwa hiyo Panyin na Kakra wabaki. Tawia ana mitano na Nyanko mitatu, hao wananitosha. Mapacha walipoambiwa wanabaki waligoma. Siku mbili hawakuchota maji, wamekaa kwenye ndoo zao wamezigeuza chini juu kama wazee wa baraza, mama yetu anawabembeleza na wao wanasema tutajibiwa lini.

Tawia nikamfundisha. Nikampa pipi moja kila alipopatia. Mimi nani? Mama. Na yule tunayemwendea? Mama Mkubwa. Mtoto ana akili yule, siku ya pili alikuwa hakosei hata nikimwamsha usingizini. Ila akaniuliza kwa nini. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili, ambalo nitalifikia. Nikamwambia: “Kwa sababu ukimwita Mama kule, watamfukuza arudi nyumbani.” Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumumunya pipi yake. Nikajua ameelewa.

Ameelewa sana. Subiri.

Jumapili tarehe tano tukaenda. Nimewavalisha mashati ya kitambaa kimoja, nimebeba madonge kumi ya kenkey ya mahindi, samaki wa kukaanga, na kopo la shito, ile pilipili yetu nyeusi, aliyoipika mama yetu mwenyewe bila kuonja kwa sababu ya chumvi. Mlinzi wa geti akatuandika kwenye daftari. Uhusiano na mwanafunzi? Dada. Na hawa? Wanangu. Akaandika. Akaniambia ngoja hapo, atamwita.

Unanijua mimi, siwezi kukaa mahali penye maandishi nikaacha kuyasoma. Hata gazeti lililofungiwa kenkey nalisoma kabla sijala. Pale getini kuna ubao wa matangazo wenye kioo, na ndani kuna kanuni za chuo, kurasa mbili zimepigwa chapa. Nikasoma zote nikimsubiri Ekua. Kaka, sikia. Kanuni ya tisa: mwanafunzi mwenye mtoto chini ya miaka kumi, kama alimtaja kwenye fomu, anaruhusiwa kwenda nyumbani Jumamosi moja ya kila mwezi na kulala huko. Nilifikiri nimesoma vibaya. Nikafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati, nikasoma tena. Anaruhusiwa. Kulala. Kila mwezi. Na kwenye lile dawati la mlinzi kulikuwa na orodha ya walioruhusiwa mwezi huo, majina kumi na mawili. Wanawake kumi na wawili wenye watoto wao, wameandika namba zao za kweli kwenye swali la kumi na moja, na chuo kikawachukua.

Halafu kanuni ya kumi na saba: atakayegundulika ametoa habari za uongo kwenye fomu ataondolewa mara moja.

Hiyo ndiyo sifuri yako, Bwana Koti Refu. Watoto hawakuwa tatizo hata dakika moja. Ekua akifukuzwa leo, anafukuzwa kwa ajili ya sifuri.

Ekua akaja amevaa sare ya bluu na nyeupe, nywele kazikata fupi kama mwanafunzi wa msingi, amekonda. Alikuwa anakimbia, alipotuona na alipomwona mlinzi akaanza kutembea. Nilimwona anavyojizuia, kama mtu anayebeba beseni la maji kichwani. Tawia akajitokeza mbele, akanyoosha mkono kama chifu, akasema shikamoo Mama Mkubwa. Vizuri kabisa. Ekua akacheka, kicheko kikamkwama katikati. Nyanko yeye hakuhitaji kufundishwa. Alijificha nyuma ya kitenge changu, akachungulia, na Ekua alipochuchumaa kumshika akanikumbatia mguu akasema, Mama, huyu nani.

Mama alikuwa mimi. Na hakuwa anaigiza.

Sikuweza kumwangalia dada yangu usoni. Nikajifanya natafuta chumvi kwenye kapu, na chumvi yenyewe sikuja nayo.

Akatutembeza. Bwenini watoto hawaingii, lakini darasani ruksa. Akawaonyesha ubao, ramani, mifupa ya plastiki ambayo Nyanko aliikimbia. Tawia akakaa kwenye dawati la Ekua, akalifungua kifuniko kama vile ni lake. Ndani ya kifuniko kuna vichwa vinne vimechorwa kwa kalamu, vidogo, viwili vimefanana. Hakuna jina. Tawia akavihesabu kwa kidole, akaweka kidole kwenye cha tatu, akamwangalia mama yake, akafunga kifuniko polepole. Alikuwa bado ana pipi mdomoni.

Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha wageni tunakula, kila kitu kinakwenda salama, ndipo alipokuja matroni wao, Madamu Amissah. Mama wa makamo, mnene, miwani imening'inia kifuani, anapita meza kwa meza anasalimia wageni. Wala si mbaya. Angekuwa mbaya ningeandika barua nyepesi zaidi. Akatusalimia, akaonja shito kwa kidole, akasema aliyepika hii ataingia mbinguni. Akanishika bega, akauliza hawa ni wako? Nikasema ndiyo Madamu. Akasema mdogo wake Ekua, mnafanana, akaniuliza kazi, nikamwambia nina kibanda cha kutengeneza simu. Sote tukacheka.

Akainama kwa Tawia, akamwuliza wewe kijana unaitwaje.

“Naitwa Tawia.”

Kaka! Mahesabu yote yale! Tulihesabu miaka, tukawaficha mapacha, tukabadilisha nani ni mama, na jina la mtoto tukalisahau limekaa wazi kama kibao cha dukani. Tumezoea kuliita kutwa mara mia, hatulisikii tena. Nani katika nchi hii hajui kwamba Tawia ni anayefuata mapacha? Madamu Amissah uso ukang'aa.

“Ahaa, Tawia! Na mapacha wako wapi?”

Na Tawia, ambaye hilo swali hakufundishwa, akajibu kwa fahari kwamba Panyin na Kakra wako nyumbani wamegoma, wana miaka tisa, wako darasa la nne na wanajua kuendesha baiskeli. Na huyu ni Nyankomago, anayenifuata mimi, akasema, anamwonyesha mdogo wake, kusudi na huyo asisahaulike.

Yule mama akasimama wima. Akavaa miwani. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Akaniuliza nina miaka mingapi. Ningeongeza, lakini uso wangu unaujua, hata bia hawaniuzii. Nikasema ishirini na miwili. Nikamwona anatoa. Ishirini na miwili toa tisa.

“Kumi na tatu,” akasema. “Ulizaa mapacha una miaka kumi na tatu.”

Nikamwangalia Ekua. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Angesema hapana Madamu, mapacha ni wa dada yetu mwingine, ni wa marehemu, ni wa jirani, chochote. Au angesema ukweli. Ekua akaangalia kenkey yake.

Basi nikasemwa, kaka. Nimesemwa mbele ya meza saba. Mama yangu alikuwa wapi? Shule je? Tangu lini mtoto anayecheza kamba anaachwa anabebeshwa mimba, na watu wanakaa tu? Na baada ya mapacha nikarudia, nikarudia tena! Watu wakageuza viti. Mwanamke mmoja akafanya msalaba. Mimi, ambaye sijawahi kumshika mkono mwanamume isipokuwa kumrudishia simu yake, nimesimama pale kama mama wa wanne.

Akaniuliza mwanamume ni nani. Sasa unajibu nini? Nikasema dereva wa lori. Akasema jina lake, mtu huyo anatakiwa awe jela. Nikaona hili linakwenda mbali, litafika polisi, nikasema amekufa. Nikamwua palepale, kwenye mteremko, breki zimekatika. Madamu Amissah akasema Mungu hamwachi mtu. Tawia akanitazama kwa hamu, nafikiri alitaka kusikia zaidi habari za hilo lori.

Lakini lililoniuma silo hilo. Huyo dereva nitamcheka siku moja. Lililoniuma ni kwamba Madamu alimgeukia Ekua, akamshika kidevu, akasema kwa sauti ya watu wote: “Unaona? Nyumba moja, mama mmoja. Wewe ulijitunza, ndiyo maana uko hapa. Mwenzio hakujitunza, yuko kibandani anafungua simu. Si kweli, Ekua?”

Na Ekua akasema: “Ndiyo, Madamu.”

Ndiyo, Madamu. Maneno mawili. Mbele ya watoto wake. Mimi ambaye namwosha Nyanko, ambaye nimekesha na surua ya Kakra, mimi ndiye sikujitunza.

Madamu alipoondoka nilimvuta Ekua mpaka kwenye bomba la maji, nikamwambia nimesoma kanuni ya tisa. Akasema na yeye aliisoma, wiki ya kwanza, siku ya pili. Amesimama pale kwenye kioo miezi minne, kila mwezi anaangalia majina ya wanaokwenda kwa watoto wao. Nikamwuliza kwa nini hukusema siku ile ile ya pili. Akasema kuna ya kumi na saba. Akasema kaka alisema anawajua watu wa vyuo. Halafu akasema nisamehe Araba, mdomo ulijibu kabla yangu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nikamnawisha uso kwa maji ya bomba ili macho mekundu yasionekane.

Saa kumi kengele ikalia, wageni tutoke. Madamu Amissah akaja mpaka getini kutuaga, na mimi nikajiandaa kwa awamu ya pili. Kumbe amepoa. Amewaletea watoto biskuti. Akanishika mikono yote miwili, akasema amekaa ofisini amelia kidogo, akasema binti yangu kosa halikuwa lako, ulikuwa mtoto, kosa lilikuwa letu sisi watu wazima. Unaelewa sasa kwa nini siwezi hata kumchukia? Ananihurumia kwa jambo ambalo halikunipata, na huruma yenyewe ni ya kweli. Nilihisi kama nimemwibia.

Halafu akasema ana ombi. Jumapili ya wageni ijayo, tarehe tano Machi, kutakuwa na ibada maalumu ya wasichana wa mwaka wa kwanza. Anataka nije nisimame mbele kanisani nizungumze nao. Nieleze yaliyonipata. Na nije na watoto wote wanne, wasichana wawaone kwa macho. Nikasema nitafikiria Madamu. Akasema usifikirie, nimeshaliandika jina lako.

Ekua alikuwa amechuchumaa anamfunga Tawia kifungo ambacho hakikuwa kimefunguka. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alimwambia sikioni, sema Mama, mara moja tu, polepole. Tawia akanitazama mimi, akamtazama Madamu, akasema kwa sauti nzuri ya shuleni: “Kwaheri, Mama Mkubwa.” Tukatoka.

Nyumbani nikamwambia Tawia mchezo umekwisha. Nikampa pipi zote zilizobaki. Ijumaa Ekua akapiga simu, kila mtu akazungumza, mapacha wakamsamehe kwa masharti, ikafika zamu ya Tawia. Akasema hujambo Mama Mkubwa. Nikamwambia hapana, sasa ruksa, ni mama yako. Akatikisa kichwa. Ekua upande ule anasikika anapumua. Nikarudia. Akasema Mama Mkubwa nakutakia usiku mwema, akanirudishia simu, akaenda zake nje. Ekua alilia mpaka salio likakata.

Nilimfuata. Amekaa kwenye ngazi anakula pipi. Nilidhani amekasirika, au tumemharibu akili na michezo yetu. Nikamwuliza kwa nini unamnyima mama yako neno lake. Kaka Ebo, soma hapa taratibu. Akaniambia: “Simnyimi. Nalitunza. Nikilisema kwenye simu hawatasikia. Nitalisema kule kule kanisani, kwa nguvu, watu wote wasikie, ili wamfukuze aje nyumbani.”

Ndiyo. Nimempa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na pipi juu. Ukimwita Mama watamfukuza arudi nyumbani. Mimi nilikuwa namtisha, yeye akasikia jinsi ya kumrudisha mama yake. Tangu Ijumaa ile amekuwa mtoto mzuri ajabu. Anakula, anaoga bila vita, anawauliza mapacha bado siku ngapi. Amemfundisha na Nyanko. Juzi nimewakuta nyuma ya nyumba wanafanya mazoezi, mmoja anahesabu, moja, mbili, tatu, halafu wote wanapiga kelele Mama, na kuku wanakimbia.

Madamu Amissah amenipigia jana. Sauti tamu. Ameniuliza watoto wanapenda wali au viazi, maana watapikiwa.

Nisipokwenda atatuma mtu, au atamwuliza Ekua kwa nini, na Ekua atasema ndiyo Madamu, na uongo utaota mwingine. Nikienda peke yangu nitasimama mbele ya msalaba niwaambie wasichana mia mbili habari za dereva ambaye hakuzaliwa wala hakufa, nichafue jina langu ili sifuri yako ibaki safi. Nikienda nao Tawia atapiga kelele. Ekua mwenyewe nimemwambia nenda kwa huyo mama leo, mwambie mwenyewe kabla mtoto hajasema, ana roho nzuri, huenda akakusaidia. Anasema anasubiri kaka aseme. Hebu ona! Miezi tisa baadaye bado anasubiri kaka aseme! Na kaka mtandao wake unakatika.

Sikuandiki hivi kwa kuwa sikupendi. Wewe ndiye uliyenionyesha jinsi ya kufungua redio nikiwa na miaka saba na ukanilinda mama yetu aliponitafuta na fimbo. Lakini umezoea kutuamulia kutoka kwenye theluji, na sisi tumezoea kuitika, na anayelipa sasa ni mtoto wa miaka mitano.

Barua hii nampa mtoto wa Mama Adoma, anaruka Alhamisi usiku, atakupigia akifika Hamburg. Nenda ukaichukue hata kama kuna barafu. Mama yetu anakusalimu na anakuombea goti lako lipone na usingizi wako uwe mwepesi mpaka hili liishe. Panyin na Kakra wanakusalimu, wanasema mjomba alete baiskeli ya pili. Nyanko anakusalimu kwa kuilamba kona ya karatasi hii, usiifute. Nisalimie sana Silke. Mungu akufunike na koti lililo refu kuliko hilo lako.

Na Tawia hajakusalimu bado, anasema salamu zake atazitoa zote siku moja. Sasa niambie, na mara hii usiniambie mtandao. Umesimama mlangoni pa lile kanisa, tarehe tano asubuhi. Ekua yuko mstari wa mbele na sare yake, Madamu anatabasamu, wasichana wote wamegeuka kukutazama. Mkononi umemshika Tawia, umemsikia anavuta pumzi, anahesabu moja, mbili. Wewe Ebo, mwenyewe, ungefanya nini?

Wako akupendaye hata leo,
Araba.